Bregman kaenda Cubs. Nimnunulie binti jezi ya nani sasa?

BabaZawadi · 12 Januari 2026

Habari zenu wadau wa Red Sox, timu yetu ya besiboli ya Boston. Nina swali moja tu, ila lina maelezo marefu, mnivumilie.

Binti yangu Zawadi anatimiza miaka 13 mwezi Machi. Tangu akiwa mdogo zawadi yake kubwa kutoka kwangu ni fulana ya Red Sox yenye jina na namba ya mchezaji anayempenda. Kwenye droo yake sasa zipo tatu. Juzi usiku, habari ya Bregman, mlinzi wetu wa besi ya tatu, kuhamia Chicago Cubs ilipotoka, alizitoa zote akazitandaza kitandani, akaniita nione. Hakusema neno.

Ya kwanza ni ya Betts, namba 50. Tuliinunua 2018, mwaka ule tulioshinda michezo 108 kisha tukachukua ubingwa. Zawadi alikuwa na miaka 5. Tulikaa viti vya nyuma upande wa kulia, kule jua linakopiga moja kwa moja usoni, na Betts alikuwa amesimama mbele yetu akilinda. Kabla ya awamu mpya kuanza akageuka, akawapungia watoto mkono. Mtoto akasadiki kwamba kapungiwa yeye. Mpaka leo anasadiki, nami sijawahi kubisha. Februari 2020 Betts akapelekwa Dodgers ya Los Angeles pamoja na David Price, sisi tukapewa Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Betts alikuwa na miaka 27. Miezi mitano baadaye Dodgers wakamsainisha miaka 12 kwa dola milioni 365, na ameshabeba nao kombe mara 3. Katika wale watatu tuliopewa, aliyebaki kwetu ni Wong peke yake.

Ya pili ni ya Bogaerts, namba 2. Kijana wa Aruba, tulimlea wenyewe tangu ana miaka 16, akatupa makombe mawili. Desemba 2022 San Diego wakampa miaka 11 kwa dola milioni 280. Sawa, hizo fedha zilikuwa nyingi kwa mtu wa miaka 30, hapo nawaelewa viongozi. Kisichoeleweka ni kumwacha mtu kama yule afike sokoni.

Ya tatu ni ya Devers, namba 11, na hii niliinunua kwa hesabu. Januari 2023 alipewa miaka 10, dola milioni 313.5, mkataba wa kumfikisha 2033. Nikamwambia Zawadi, huyu haendi popote, hii utaivaa mpaka ikubane.

Haijambana.

Tarehe 15 Juni mwaka jana ilikuwa Siku ya Akina Baba. Tulikuwa ndani ya gari tunatoka kanisani Lowell, redio imewashwa. Mimi besiboli nimejifunzia redioni. Miaka yangu ya kwanza hapa Marekani nilikuwa naendesha gari la mizigo usiku, na sauti ya Joe Castiglione ndiyo iliyonifundisha mchezo huu, na Kiingereza pia, kabla hajastaafu 2024. Basi siku hiyo tukawafunga Yankees, mahasimu wetu wa New York, mara ya tatu mfululizo pale Fenway, uwanja wetu. Devers kapiga homurani, mpira ukavuka uzio. Zawadi alipiga kelele mpaka mdogo wake aliyekuwa amelala nyuma akaamka analia. Jioni, tukiwa mezani, simu ikaita: Devers kauzwa San Francisco. Tulipata Jordan Hicks, Kyle Harrison, James Tibbs na kijana mrushaji Jose Bello. Tibbs hakumaliza hata miezi miwili, akatumwa Dodgers kumleta Dustin May. May naye alirusha wiki chache akaumia, na msimu ulipoisha akawa huru.

Najua Devers ana lake. Casas, mlinzi wetu wa besi ya kwanza, alipokatika kano ya goti, Devers akaombwa ahamie besi hiyo, akakataa. Angekubali. Lakini tukumbuke ilikoanzia. Februari 2025 tulimsajili Bregman miaka 3 kwa dola milioni 120, tukamwondoa Devers kwenye besi ya tatu aliyoilinda miaka yote, tukamwambia sasa kazi yako ni kupiga tu, glavu weka pembeni. Na mkataba wa Bregman ulikuwa na kifungu cha kujitoa kila mwaka, kila mtu alikiona. Wazee walituambia usiache mbachao kwa msala upitao. Tuliacha mbachao. Na msala, kama jina lake, umepita: Cubs, miaka 5, dola milioni 175.

Kwa hiyo leo besi ya tatu haina Devers wala Bregman. Hapo ndipo ninapoumia hasa. Kumpoteza mchezaji mmoja nakubali, mchezo ndivyo ulivyo. Lakini huyu wa kwanza aliondolewa kwa ajili ya wa pili, halafu wa pili tukashindwa kumshika kwa tofauti ambayo kwa klabu inayokadiriwa na Forbes kuwa na thamani ya dola bilioni 4.8 haikupaswa kuwa kikwazo.

Na kuna jambo dogo ambalo kwa nyumba yangu si dogo. Bregman alipokuja alichukua namba 2. Zawadi akaikumbuka fulana ya Bogaerts. Mama yake akakata kitambaa chekundu, akakishona juu ya jina, mshono mzuri kabisa, ikabaki namba peke yake. Msimu mzima wa 2025 aliivaa hiyo. Aliivaa hata siku ile Yankees walipotutoa kwenye mchujo.

Swali langu ni hili: nimnunulie nani? Ninyi mnaofuatilia kwa karibu, ni nani kwenye kikosi hiki ambaye mnaweza kuniambia kwa moyo mweupe kwamba atakuwepo? Nimechoka kumdanganya mtoto.

---

MzeeWaWorcester · 12 Januari 2026

Baba Zawadi, pole sana. Hiyo habari ya kitambaa imenigusa. Sasa niruhusu nikupinge, maana nakuheshimu.

Mimi nilikuwepo 2004. Mchezaji aliyependwa kuliko wote hapa alikuwa Nomar Garciaparra, namba 5. Watoto wote wa mtaani kwangu walikuwa wanaiga anavyovuta glavu zake kabla ya kupiga. Tarehe 31 Julai wakamuuza Cubs. Kazini kwangu watu wazima walilia. Tukapewa Orlando Cabrera na Doug Mientkiewicz, majina ambayo wengi wetu hatukuyathamini. Siku hiyohiyo wakamchukua pia Dave Roberts kutoka Dodgers, mtu wa kukimbia besi, habari iliyopita kimya kabisa.

Oktoba hiyo Yankees walikuwa wanaongoza michezo 3 kwa 0. Mchezo wa 4, awamu ya 9, tuko nyuma kwa pointi moja, Roberts akaiba besi ya pili, yaani akaikimbilia kabla mpira haujapigwa, mbele ya mrushaji wao Mariano Rivera. Tukasawazisha, tukashinda ule, tukashinda minne mfululizo, tukachukua kombe la kwanza tangu 1918. Miaka 86. Nilikuwa nimekaa na jirani yangu, mzee wa miaka themanini na ushee, na alinishika mkono bila kuuachia mpaka mchezaji wa mwisho alipotolewa.

Kumuuza Nomar kuliuma, na kulikuwa sahihi. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye timu ya leo. Tulipata shida gani Oktoba iliyopita? Mchezo wa kwanza dhidi ya Yankees mrushaji wetu Crochet alirusha karibu awamu 8, akawatoa wapigaji 11 kwa straiki, tukashinda 3-1. Baada ya hapo tulikosa mrushaji wa pili na wa tatu wa kiwango hicho. Mchezo wa 3 Yankees walimleta kijana Schlittler, mzaliwa wa hapahapa Massachusetts, akatutoa wapigaji 12 na tukafungwa 4-0. Msimu huu wa baridi wamemleta Sonny Gray kutoka St. Louis, na Johan Oviedo kutoka Pittsburgh. Wamemchukua Willson Contreras wa kulinda besi ya kwanza. Hizo si kazi za watu waliolala.

---

Nuru_Hesabu · 12 Januari 2026

Nakubaliana na Mzee kwa sehemu. Nataka niweke jambo moja sawa: Betts na Bregman wasiwekwe kapu moja.

Betts aliuzwa akiwa na miaka 27, akiwa na tuzo ya mchezaji bora ya 2018, akiwa ni zao la nyumbani. Sababu kubwa ilikuwa kushusha mishahara chini ya kiwango cha kodi ya anasa (ile ya klabu zinazopitisha kikomo cha mishahara), ambacho mwaka ule kilikuwa dola milioni 208. Timu ambayo miezi 16 nyuma ilikuwa bingwa. Hilo nitalikasirikia mpaka nife na sitaki mtu anieleze vinginevyo.

Bregman anatimiza miaka 32 mwezi Machi. Mwaka jana alicheza michezo 114 tu kwa sababu ya paja. Nusu ya kwanza alikuwa moto, alipotoka majeruhi hakuwa yule. Miaka 5 ya mtu huyo inamfikisha 36. Ningempa? Ndiyo, ningempa, kwa sababu ya alivyowafundisha vijana, waliokuwa wanakaa naye kutazama video za warushaji. Lakini aliyekataa simwiti mjinga.

Linalonikera ni mpangilio. Kama ulijua hutampa Bregman mkataba mrefu, basi Devers usingemgusa. Kama ulimgusa Devers, basi Bregman ungemlipa anachotaka. Ukichagua mlango mmoja, ingia. Wao wamefungua miwili, wamesimama nje ya yote. San Francisco walichukua mzigo wote uliobaki wa Devers, zaidi ya dola milioni 250. Hizo fedha zilisemwa zitatupa nafasi ya kusajili. Ziko wapi? Alonso kaenda Baltimore. Schwarber karudi Philadelphia. Wote wawili ni wapigaji wa mipira mirefu, na sisi ndicho tunachokosa.

Na Mzee, usisahau Chris Sale. Desemba 2023 tulimpeleka Atlanta, tena tukamlipia dola milioni 17 aende, tukamchukua Vaughn Grissom. Mwaka uliofuata Sale akashinda michezo 18, akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Grissom hatunaye tena. Kila ukisema "mwamini anayepanga", mimi namkumbuka Sale.

---

MzeeWaWorcester · 12 Januari 2026

Nuru, hilo la Sale sina jibu. Ila kwa haki, miaka 4 mfululizo alikuwa anavunjika: kiwiko, mbavu, kidole, mkono. Nani alijua?

---

Nuru_Hesabu · 12 Januari 2026

Atlanta walijua. Au walithubutu, ambalo kwangu ni lilelile.

---

DadaWaFenway · 13 Januari 2026

Shemeji Baba Zawadi, wote wamejibu kuhusu timu, mtoto hakuna aliyemjibu. Mimi nina wavulana wawili na nimepitia hayohayo.

Jezi ya nyumbani ya Red Sox, ile nyeupe wanayoivaa wenyewe Fenway, haina jina mgongoni. Ina namba tu. Imekuwa hivyo siku zote. Wewe umekuwa ukinunua fulana za dukani zenye jina, ndiyo maana zinakuuma zikipitwa. Mkeo kwa kitambaa chake chekundu alikuwa ameshapata jibu bila kujua. Mnunulie jezi halisi ya nyumbani, isiyo na jina. Ni ghali kuliko fulana, ila chukua kubwa kidogo, itakaa miaka.

Na namba asichaguliwe. Mwache achague mwenyewe. Wewe ulichagua Devers kwa kuangalia mkataba. Mtoto hampendi mchezaji kwa sababu ya mkataba.

Kijana wangu wa kwanza bado anavaa 50. Kila Betts anapokuja na Dodgers tunaenda, na uwanja mzima unasimama kumpigia makofi. Nimesimama pale nikiwa na hasira na viongozi na furaha kwa Mookie Betts, na vyote vikatoshea. Fulana zile tatu usimfiche, usizigawe. Hao ndio waliomfundisha mtoto wako kuupenda mchezo.

---

Kocha_Juma · 13 Januari 2026

Nachangia kidogo. Nafundisha watoto chini ya miaka 12 huku Worcester na huwa nawapeleka Polar Park kutazama timu yetu ya daraja la chini. Nimewaona hawa vijana kabla hamjawaona. Roman Anthony, mwaka jana kabla hajapandishwa, alikuwa anakataa mipira mibaya kwa utulivu ambao sijauona kwa mtu wa miaka 21. Mpira ukipita nje ya eneo kwa upana wa kidole, hatikisiki. Marcelo Mayer ana mikono laini, na nadhani besi ya tatu itakuwa yake akiwa mzima, maana mwaka jana mkono ulimpeleka kwenye upasuaji.

Msikasirike mpaka mkashindwa kuwaona hawa. Ila nakubali kwamba kijana anahitaji mkubwa wa kumtazama kwenye benchi, na huyo mkubwa ndiye aliyeondoka wiki hii. Nilipowaambia watoto wangu habari ya Bregman, mmoja aliniuliza nani sasa atamfundisha Mayer. Ana miaka 10. Sikuwa na jibu zuri.

---

BabaZawadi · 13 Januari 2026

Asanteni sana. Mzee, habari ya jirani yako nimemsomea mke wangu. Nimekuelewa kuhusu Nomar, lakini naona tofauti moja: 2004 ile timu ilikuwa inapigania kombe mwaka huohuo, na waliyemtoa walimtoa ili ulinzi uimarike mwezi huohuo. Ilikuwa dawa chungu kwa ugonjwa unaojulikana. Sisi tumekunywa dawa chungu mara nne tangu 2020, na katika misimu hiyo 6 tumemaliza mkiani mwa kundi letu mara 3. Ningevumilia uchungu kama ningekuwa naambiwa ugonjwa ni upi.

Dada, jezi isiyo na jina! Nimeishi Massachusetts miaka yote hii, nimetazama Fenway mara nyingi, na sikuwahi kuliwaza hilo. Nitamwuliza Zawadi leo akirudi shule.

---

Nuru_Hesabu · 14 Januari 2026

Mmeona? Ranger Suárez, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Philadelphia, miaka 5, dola milioni 130. Crochet, Suárez, Gray, Brayan Bello (si yule Jose), Oviedo. Warushaji tunao, hilo sitabisha tena. Fedha za Bregman zimepata pa kwenda.

Lakini besi ya tatu bado iko wazi na homurani bado sizioni zitatoka wapi.

---

MzeeWaWorcester · 14 Januari 2026

Suárez ni mtulivu, hatupi mpira wa kasi kubwa ila anajua kuuweka. Oktoba anapanda kiwango. Mimi nimefurahi leo, acheni nifurahi.

---

BabaZawadi · 15 Januari 2026

Mzee, furahi, na mimi nimefurahi. Ukiwa na warushaji kama hao, Yankees hawatutoi kirahisi kama Oktoba ile. Hasira yangu ya besi ya tatu haijaisha, lakini jana usiku nililala vizuri kuliko Jumapili.

Nimerudi kuwaambia la Zawadi. Nilimweleza mapendekezo ya Dada: jezi nyeupe, haina jina, namba chagua mwenyewe. Akaomba muda. Akaingia chumbani, na nilipompelekea chai nikamkuta na daftari, ameandika majina ya kikosi kizima na mwaka ambao mkataba wa kila mmoja unaisha. Sikumfundisha hivyo. Au nilimfundisha bila kujua, siku ile ya Devers.

Baada ya chakula akasema 19, Roman Anthony. Nikaona nimtie moyo, nikamwambia umechagua vizuri, Agosti iliyopita amesaini miaka 8, dola milioni 130, yupo mpaka 2033, wakati huo wewe utakuwa na miaka 20.

Akaniangalia. "Baba, hata Devers ilikuwa 2033."

Nikamwuliza, basi kwa nini umemchagua? Akasema siku ya kwanza alipoona Anthony anapiga alikuwa ameketi na mimi, na mimi nilisimama kabla mpira haujatua. Nimeagiza saizi ya mtu mzima. Mama yake ameuliza kama alete kitambaa, nikamwambia hii haihitaji.